Prazo za Zambezi: ni kweli Mreno alikuwa anawarithisha wanawake ardhi, au ni stori tu?

kusi_na_kaskazi

Wakuu salaam, naomba kueleweshwa maana hili jambo nimekaa nalo kichwani na kila nikiligusa napata kipande tu. Kule Msumbiji bonde la Zambezi, kuanzia Zumbo na Tete kushuka Sena mpaka Quelimane, Wareno walikuwa na maeneo makubwa wanayaita prazo. Nilivyoelewa ni kwamba mfalme wa Ureno anampa mtu ardhi kwa mkataba wa vizazi vitatu, analipa kodi kila mwaka, kizazi cha tatu kikiisha ardhi inarudi kwa mfalme au mkataba unafanywa upya. Hapo sina shida.

Shida yangu ipo hapa. Nasikia mrithi alikuwa mwanamke, yaani binti anachukua na kaka yake anatazama tu. Sasa Mreno Mkatoliki wa karne ya 17 na 18 aliingiwa na nini mpaka akafanya hivyo? Halafu kwa nini iwe kule tu, Mombasa wamekaa miaka mia na kidogo, wamejenga Ngome ya Yesu, mbona hatusikii prazo ya Kilifi wala prazo ya Malindi? Na la nyongeza, hiyo ardhi mfalme wa Ureno aliipata wapi mpaka awe anaigawa?

Wanaojua tafadhali, na mkimwaga mwageni yote.

mpita_njia

Naweka kiti hapa. Hilo la mabinti kurithi wachukue tahadhari wenye dada zao.

MzeeWaNyaraka

Mkuu hilo uliloliita la nyongeza ndilo swali lenyewe, mimi naanza nalo.

Mfalme wa Ureno hakuwa na ardhi ya kugawa. Wenye ardhi walikuwa Mwene Mutapa (mfalme wa Washona kusini ya Zambezi), pia mtawala wa ufalme jirani wa Kiteve, na machifu chini yao. Wareno wa kwanza waliofika Sena na Tete miaka ya 1530 walikuwa wachuuzi tu, tena walifuata njia ambayo Waswahili walishaizoea siku nyingi wakitafuta dhahabu na pembe. Mwaka 1561 padri Mjesuiti Gonçalo da Silveira akauawa huko kwa Mutapa, Wareno wakasema Waislamu ndio waliomchongea. Ureno ikatuma jeshi chini ya Francisco Barreto, likafika Sena mwishoni mwa 1571, farasi wakaanza kufa, askari nao wakaanza kufa, si unajua tena mbung'o na homa za bondeni, wao wakasema wametiliwa sumu, wakawageukia Waislamu wa Sena wakawaua kwa njia ambazo sitaki hata kuziandika. Barreto mwenyewe akafia hapohapo Sena 1573 na migodi ya dhahabu hakuifikia.

Kwa hiyo jeshi la mfalme lilishindwa. Waliofanikiwa ni Wareno mmojammoja, kila mtu na bunduki zake na watumwa wake. Mutapa Gatsi Rusere mwanzoni mwa karne ya 17 alikuwa amebanwa na waasi, akamhitaji Diogo Simões Madeira wa Tete, jamaa akaja na watu wake akapigana, Mutapa akamlipa kwa ardhi, na mwaka 1607 akasaini na mkataba wa kuwaachia Wareno migodi. Miaka ya 1640 Sisnando Dias Bayão akaingilia ugomvi wa Kiteve, akatoka na Cheringoma na Gorongosa, nchi nzima hizo siyo mashamba. Mtu ameshakaa kwenye ardhi, watu wameshamzoea kama chifu wao, NDIPO anaenda kwa gavana kuomba karatasi.

Na mfalme angefanyaje? Hana askari wa kumtoa. Akaona bora aandike kwamba ni yeye aliyempa. Anagonga muhuri, anadai kodi ndogo iliyokuwa inapimwa kwa vumbi la dhahabu, na kwenye madaftari ya Goa na Lisbon inasomeka ardhi ya taji (Goa nasema kwa sababu Msumbiji ilikuwa inatawaliwa kutoka kule mpaka 1752). Ukiisoma ile karatasi utadhani Lisbon ilikuwa inagawa viwanja. Sheria zilikuwepo za kila aina, mtu asiwe na prazo zaidi ya moja, ukubwa usizidi kiasi fulani, mwenye prazo akae hapo hapo, na hakuna hata moja iliyofuatwa.

Sasa Mombasa. Mombasa ulikuwa mji wa bandari wenye wenyewe, una ushuru wa forodha, Mreno alichotaka ni kukaa mlangoni na kukusanya. Bara yake hakuwa nayo. Halafu angalia miaka: 1693 Changamire Dombo, mtawala wa Warozvi, anaipiga Dambarare, kituo cha biashara cha Wareno, wanafurushwa kwenye nyanda za juu, 1698 Waomani wanaichukua Ngome ya Yesu. Ndani ya miaka mitano amepoteza kote kuwili, amebaki na bonde la Zambezi na vituo vichache vya pwani, na bonde lenyewe limebaki kwa sababu wenye prazo walikuwa na majeshi yao binafsi, siyo kwa sababu ya mfalme.

La wanawake namwachia mwingine, mikono imechoka.

bint_kisiwani

Mzee umemaliza ila hapo kwa "kule tu" naongezea, maana watu wanasahau visiwa vya Kirimba. Ibo, Quirimba, Matemo na vile vingine huko Cabo Delgado navyo viligawanywa kwa mtindo huo huo, familia za Kireno na machotara zinashika kisiwa pamoja na kipande cha bara kinachokitazama, wanalima chakula, wanauzia Kisiwa cha Msumbiji. Na wale ni Wamwani, watu wa mwambao, Waislamu, lugha yao ukiisikiliza unaipata. Mwanzoni mwa karne ya 16 Wareno waliwachoma moto kwa kosa la kufanya biashara na Mombasa na Kilwa bila ruhusa yao, baadaye wakaja kukaa juu yao kama mabwana. Mwanzoni mwa karne ya 19 wakapatikana na wao, Wasakalava walikuwa wanavuka na mitumbwi kutoka Madagaska kuja kuvamia visiwa, mabwana wa Ibo wanakimbilia ngomeni. Kwa hiyo kaka mwenye uzi, Waswahili walikaa kwenye prazo, ila siyo upande uliokuwa unautazama.

Haya tuje kwa mabinti. Ni kweli, ilikuwepo, ila toa kabisa wazo la haki za wanawake. Serikali ya Ureno ilikuwa inatafuta wazungu wa kwenda kukaa Zambezi na hakuna aliyetaka kwenda, nani aende kufa na homa? Wakaamua ardhi apewe mwanamke na irithiwe na binti, kwa sharti kwamba aolewe na Mreno aliyezaliwa Ureno. Yaani ardhi ilikuwa mahari ya kumvuta mwanaume. Mzungu akifika Sena hana kitu anajua kuna mwari mwenye nchi nzima anasubiri mume wa karatasi, wanafunga ndoa, kizazi kinachofuata hivyo hivyo.

Mipango ikageuka. Wanawake weupe hawakuwepo wa kutosha, mabinti wengi walikuwa machotara au wenye asili ya Goa, lugha ya nyumbani ni ya mama na ya yaya. Wanaume wakaja wakafa. Homa, vita, pombe. Mke anabaki, anaolewa na wa pili, naye anakufa, anaolewa na wa tatu, na kila mume akiondoka watumwa wake na mali zake zinabaki kwa mama. Ukifika katikati ya karne ya 18 una wanawake wanaitwa dona, wana maelfu ya watu chini yao, wanasafiri kwenye machila inabebwa mabegani na msafara wa wenye bunduki mbele na nyuma. Tete mwishoni mwa karne hiyo alikuwepo Dona Francisca Josefa de Moura e Meneses, wenyeji walimwita Chiponda, na gavana Lacerda e Almeida alipotaka kwenda kwa Kazembe, mfalme wa huko ambako leo ni Zambia, mwaka 1798 ilibidi apate wapagazi kwa watu kama yeye, gavana mzima hana wapagazi wa kutosha! Lacerda akafia huko huko kwa Kazembe Oktoba ya mwaka huo.

Ila wasije watu wakatengeneza shujaa hapa. Utajiri wa dona ulikuwa ni watu, wale wanaobeba machila.

kusi_na_kaskazi

Aisee dada umenifungua macho, Ibo sikuwaza kabisa. Sasa mzee umetaja majeshi binafsi mara mbili umepita. Hao askari ni akina nani? Na mwananchi wa kawaida kijijini alikuwa anaishi vipi chini ya hao watu, alikuwa mtumwa au mpangaji au nini?

MzeeWaNyaraka

Askari ni Wachikunda, na hapo ndipo palipo na utamu, ngoja nikae vizuri.

Kwenye prazo moja kulikuwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wenyeji huru, Wareno waliwaita colono, hawa walikuwa na vijiji vyao, mashamba yao na chifu wao, mambo, na walikuwepo kabla prazo haijazaliwa. Mwenye prazo hakumwondoa mambo, angeanzia wapi? Alikaa juu yake tu. Kodi iliyokuwa inaenda kwa mkubwa wa zamani sasa inaenda kwake, wanaiita mussoco, mtama, asali, kuku, vitambaa, kilichopo. Na ili asidanganywe anamweka mtu wake kijijini, anaitwa chuanga, kazi yake kukaa pale na kuangalia mavuno yametoka kiasi gani na nani kapata nini.

Mfano mzuri ni tembo. Mwindaji akiua tembo kwenye ardhi ya prazo haanzi kukata nyama. Anatuma habari kwanza. Chuanga anakuja, anamwangalia mnyama alivyolala, pembe iliyogusa ardhi ni ya mwenye nchi, haina mjadala, pembe ya juu ni ya mwindaji lakini anatakiwa amuuzie mwenye nchi kwa bei anayoitaka mwenye nchi. Na hiyo siyo sheria ya Mreno, machifu wa huko walikuwa nayo tangu zamani, Mreno aliikuta akaivaa. Karibu kila kitu ndivyo kilivyokuwa. Wengi wao walioa kwa mambo wa jirani, wakaenda kwa waganga, wakaomba mvua kwa mizimu ya machifu wa zamani, wajukuu wao hawakujua kusoma Kireno. Gavana akituma barua unaambiwa mwenye prazo hayupo, kaenda kuwinda.

Wa aina ya pili ndio Wachikunda. Hao walikuwa watumwa lakini watumwa wenye bunduki. Wanagawanywa kwenye vikundi, kila kikundi na mkubwa wake, na mkubwa wa wote anaitwa mukazambo, huyo ndiye anayeongea na bwana. Wanakusanya kodi, wanalinda mipaka, wanapeleka misafara ya biashara mbali huko kwa miezi, wanawinda tembo, wanakamata wanaotoroka. Wengine walijipeleka wenyewe, njaa ikibana mtu anajitoa kwa bwana mwenye ghala ili ale. Wana chale zao usoni, meno yamechongwa, wanajiona watu tofauti na mkulima wa kijijini, na mkulima alikuwa anawaogopa kuliko bwana mwenyewe. Lakini bwana naye alikuwa anawaogopa. Bwana akizidisha wanaondoka, wanaenda kujenga boma lao porini na bunduki zake, au wanamgeuka. Kwa hiyo ukiniuliza prazo ilikuwa nini, mimi nasema ni uchifu wa Kiafrika uliotekwa na mtu mwenye karatasi ya Kireno mfukoni, na wakati mwingi hiyo karatasi haikumsaidia kitu.

Nyundo_Mkononi

Mzee nakuheshimu sana ila hapa unaipaka asali. "Uchifu wa Kiafrika", "aliikuta akaivaa", mtu akisoma ataona walikuwa wakwe wema waliokuja kuoa. Chifu wa kawaida akizidisha watu wanahama usiku wanaenda kwa chifu mwingine. Kwenye prazo ukihama Wachikunda wanakufuata, umesema mwenyewe. Na chifu hakuwa na meli inayomsubiri Quelimane.

Hiyo ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Mwanzoni mwa karne ya 19 Brazili ilikuwa inataka watumwa, Waingereza wanabana Afrika Magharibi, wafanyabiashara wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema wakaja kujaza Quelimane. Mwenye prazo akapiga hesabu, mkulima akilima mwaka mzima anamletea vikapu vya mtama, akimuuza leo anapata pesa leo. Wakaanza kwa kuuza mateka wa mbali, wakaishia kuuza colono wao wenyewe, watu huru wa kijijini, halafu wakauza mpaka Wachikunda. Unamuuza askari wako! Na yote haya yanatokea kwenye ukame wa miaka ya 1820, nzige, ndui, njaa ya kufa mtu. Basi Wachikunda wakaasi, wakakimbia, vijiji vikahama, prazo zikabaki majina kwenye ramani. Usafirishaji ulipigwa marufuku 1836 kwa karatasi, biashara ikaendelea kwa magendo miaka mingi.

Halafu Wangoni wakaja. Zwangendaba alivuka Zambezi Novemba 1835, siku ya kupatwa kwa jua, ndio hawa hawa ambao watu wao walifika mpaka Ufipa na wengine Songea. Upande wa kusini Soshangane, mfalme wa Wangoni wa dola ya Gaza ya huko huko Msumbiji, akawa anatuma watu wake Sena kudai ushuru, na Wareno wa Sena wanalipa bila kubisha. Mfumo ule ulijila wenyewe, Wangoni walikuja kusukuma ukuta uliokwisha oza.

MzeeWaNyaraka

Nyundo sijasema walikuwa wema, nimesema mamlaka yao yalitoka wapi. Watu waliuzwa, na kabla ya hapo walikuwa wanachapwa, hilo halina ubishi. Lakini hoja yako mwenyewe inanisaidia, siku walipoacha kuwa machifu wakawa wachuuzi wa watu ndipo walipoanguka. Karatasi walikuwa nayo bado.

bint_kisiwani

Hapo hapo mkiwa kwenye karne ya 19 msiiruke Angoche. Usultani wa Waswahili ule, ulikuwa unapitisha biashara nje ya mikono ya Mreno, watumwa wakiwemo, tuseme ukweli. Serikali ya Ureno haikuwa na uwezo wa kuupiga. Aliyeupiga ni João Bonifácio Alves da Silva wa Maganja da Costa, mtu wa prazo na Wachikunda wake, mwaka 1861, akaufuta mji na yeye mwenyewe akafia kwenye hivyo vita. Mwaka uliofuata Musa Quanto, wa ukoo wa watawala wa Angoche, akarudi akautawala tena. Mimi kila nikisoma naona ni kama vile Ureno ilikuwa inakodisha vita.

mpita_njia

Samahani wataalamu, mimi wa nyuma ya darasa. Hawa "Wareno" mnaowataja, dada kasema wengine wana asili ya Goa. Sasa walikuwa Wareno kweli au Wahindi wa Kikatoliki?

MzeeWaNyaraka

Swali zuri kumbe unasoma. Wengi wa wale wakubwa wa karne ya 19 hawakuwa Wareno wa damu kabisa.

Chukua ukoo wa Pereira wa Macanga, kaskazini ya Tete. Gonçalo Caetano Pereira alitoka Goa karne ya 18 kufuata dhahabu, mwanawe Manuel ndiye aliyefika kwa Kazembe 1796, wajukuu wakawa machifu wa Macanga na majina ya kienyeji. Chukua Manuel António de Sousa, Mgoa pia, watu walimwita Gouveia. Alikuja kijana katikati ya karne ya 19, akajijenga Gorongosa, akaoa binti wa mtawala wa Barue, ufalme jirani wa kusini ya Zambezi, na mkwewe alipokufa 1880 akaishika Barue. Ureno ikampa cheo cha kapteni mkuu. Mwaka 1890 watu wa kampuni ya Cecil Rhodes wakamkamata kule Manica, kwa Mutasa, wakampeleka mpaka Cape Town, na alipokuja kuachiwa akakuta Barue imeshamponyoka. Alijaribu kuirudisha akauawa 1892.

Lakini baba lao ni ukoo wa da Cruz. Mwanzilishi Nicolau Pascoal da Cruz alitoka Siamu, ndiyo, Siamu hiyo ya Asia, akaletwa kama askari mwaka 1767. Kizazi baadaye wapo Massangano, pale mto Luenha unapoingia Zambezi, hakuna mtumbwi unaopanda Tete bila wao kuuona. Wakajenga aringa, boma la magogo mabichi yaliyochimbiwa ardhini yakashika mizizi na kuota, ukuta ulio hai, risasi inazama humo haitoki. António Vicente da Cruz, Bonga, ndiye aliyewatesa Wareno. Kati ya 1867 na 1869 Ureno ilituma jeshi mara kwa mara, mengine yametoka mpaka Ureno na Goa, yote yakarudi yamepondwa. Bonga akafa hajashindwa, Massangano ikaja kuanguka kabisa 1888. Na muda wote huo ukoo ulikuwa unadai ni raia watiifu wa mfalme! Bonga alikuwa na cheo cha Kireno kama ulivyo utaratibu.

kusi_na_kaskazi

Siamu! Hii imenimaliza. Sasa naomba mnimalizie, zilifutwa lini rasmi? Maana naona 1832 kuna amri ya kufuta, 1854 tena amri ya kufuta, halafu mpaka karne ya 20 bado kuna watu wanafanya kazi "kwenye prazo".

Nyundo_Mkononi

Hii naichukua mimi maana ndiyo sehemu ambayo watu wanaipita haraka, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoumiza watu wengi kuliko dona wote na machila zao.

Amri za 1832 na 1854 zilibaki Lisbon, hakuna aliyezipeleka shamba. Mwaka 1890 Ureno imebanwa, Waingereza wamewapa amri ya kuondoka bonde la mto Shire na nchi za Washona, mataifa ya Ulaya kwenye mkutano wa Berlin walishakubaliana kwamba huwezi kudai nchi usiyoishika, na hela hawana. Tume ya António Enes ikasema prazo zisifutwe, zifufuliwe. Sheria ya Novemba 1890 ikaweka hivi: prazo zinapigwa mnada, anayeshinda anakodi mpaka miaka 25, anapewa haki ya kukusanya mussoco, na nusu ya hiyo mussoco lazima ilipwe kwa KAZI. Kodi ilikuwa reis 800 (pesa ya Kireno) kwa kichwa. Angalia ujanja ulivyo, serikali inamuuzia kampuni haki ya kutoza kodi, na kodi inalipwa kwa jasho kwenye shamba la kampuni hiyo hiyo, na kampuni hiyo hiyo ndiyo polisi, ndiyo hakimu, ndiyo duka. Mkulima ataenda kushtaki wapi?

Hapo ndipo yanaingia majina ya kina Companhia da Zambézia, Boror, Luabo, Madal, na miwa ya Hornung pale Mopeia ambayo ndiyo ilikuja kuwa Sena Sugar Estates. Minazi ya Boror na Madal huko upande wa Quelimane, maili kwa maili. Kabla yao kuna mmoja alianzisha shamba la afyuni huko Mopeia miaka ya 1870, siyo utani, likavamiwa kwenye uasi wa Massingire 1884. Prazo ambazo kampuni haikuweza kulima ilikodisha watu wake, wakapelekwa São Tomé kwenye kakao, wengine migodi ya Transvaal. Na hao Wachikunda aliowasifia mzee, waliobaki waligeuzwa sipai, wakawa askari wa kampuni wa kukusanya watu alfajiri.

Watu walijibu kwa miguu. Walomwe waliojaa kusini mwa Malawi asilimia kubwa chanzo chao ni hicho, walivuka mpaka kuikimbia mussoco wakaenda kuangukia thangata, kazi ya kulipia kukaa kwenye ardhi ya walowezi wa Kiingereza, maji ya moto kutoka kwenye moto. Na 1917 Barue ikalipuka, kisa ni ujenzi wa barabara na wapagazi waliokuwa wanakamatwa kupelekwa vita ya Mjerumani, watu wa pande zote mbili za Zambezi wakaungana, Ureno ikaizima kwa kuwatumia Wangoni na ahadi ya kuteka wanachotaka. Mwaka uliofuata von Lettow-Vorbeck, jenerali wa Mjerumani aliyekuwa ameshavuka Ruvuma tangu Novemba 1917, ndio huyo anafika huku, askari wake kutoka Tanganyika wakapiga Nhamacurra Julai 1918 pale kwenye kiwanda cha sukari, karibu kabisa na Quelimane, katikati ya nchi ya prazo.

Kufutwa kwenyewe ni 1930, Salazar aliposhika mambo ya makoloni hakutaka kampuni zenye serikali zao. Ile Companhia de Moçambique ya Manica na Sofala, ambayo ilikuwa na hati yake tofauti, ikasukuma mpaka 1942. Kazi ya lazima haikufutwa, ilihamia kwa mkuu wa wilaya, na 1938 ikaongezewa pamba.

kusi_na_kaskazi

Nimewasoma wote. Mzee na Nyundo naona mmekubaliana bila kutaka. Swali dogo la mwisho, Wachikunda wenyewe wameishia wapi, na hiyo Gorongosa ya Bayão na Gouveia ndiyo ile ile ya mbuga?

MzeeWaNyaraka

Ndiyo hiyo hiyo. Mwaka 1920 Companhia de Moçambique ilitenga kilomita za mraba 1,000 kuwa eneo la kuwindia la wakubwa wake na wageni wao, 1960 likawa hifadhi ya taifa. Tembo waliobaki wa Gorongosa siku hizi pembe zote mbili ni za serikali.

Wachikunda wapo. Waliotoroka na waliobaki bila bwana walipanda mto, wakawa wawindaji wa tembo, wapagazi, mafundi wa mitumbwi, wengine wakajifanyia nchi zao kama Kanyemba kule juu ya Zumbo, ambaye naye alikuwa mtekaji hasa. Wajukuu wao leo wako nchi tatu, Zumbo upande wa Msumbiji, Luangwa upande wa Zambia, na bonde la Zambezi la Zimbabwe, na ni kabila kamili lenye lugha yake.

Barue 1917 mfungulieni uzi wake, ikichanganywa humu itapotea.